Tundu Kwenye Pembe ya Karatasi

Mtu akifungua faili hutazama maandishi. Hutafuta barua yake, sahihi ya mkubwa, tarehe, muhuri. Ni nadra mtu kulitazama tundu. Lipo kwenye pembe ya juu ya kushoto ya kila karatasi, dogo, mara nyingine limechanika kwa kuwa karatasi imefunguliwa na kufungwa miaka nenda miaka rudi, na ndani yake imepita kamba fupi ya kijani yenye vichuma viwili kwenye ncha. Kamba hiyo haina hadhi yoyote ofisini. Huuzwa kwa mafungu katika maduka ya vifaa vya kuandikia, na ikipotea hakuna anayeuliza. Lakini ukitaka kujua Waingereza waliposema file walikuwa wakisema nini hasa, achana na jalada, achana na kabati la chuma. Shika kamba.

Neno limetoka kwenye Kilatini filum, yaani uzi. Wafaransa walilirithi, wakawa na fil kwa uzi, na filer kwa kusokota, na pia kwa kutunga vitu kwenye uzi. Waingereza wakalipokea kwao katika karne ya 15, na kwa Waingereza hao kitendo kilitangulia kitu: kwanza watu walitunga karatasi kwenye uzi au waya, na baadaye, karne ya 16, ule uzi pamoja na mzigo wake ndio ukaitwa file. Jalada la karatasi ngumu lilikuwa bado halijawazwa na mtu. Faili la kwanza halikuwa na mgongo wala kifuniko. Lilikuwa kamba inayoning'inia.

Fundi chuma naye ana file yake, ile tupa ya kunolea, lakini hiyo ni ya ukoo mwingine kabisa, ukoo wa lugha za Kijerumani, na imekutana na hii kwa sauti tu. Ndugu wa damu wako mahali usipotarajia. Fileti ya samaki inayouzwa hotelini ilianza maisha yake kama uzi mdogo, kisha ikawa utepe, kisha kipande chembamba cha nyama. Kile kiuzi kilichokuwa kikiwaka ndani ya balbu za zamani ni cha ukoo huohuo, na profaili unayoiweka mtandaoni ilikuwa kwanza mstari mwembamba wa kuchorea ukingo wa uso. Foleni haimo katika ukoo huu, ingawa mtu angeweza kuapa kwamba imo. Hiyo inasemekana ilizaliwa kwenye amri ya gwaride, fall in, ikaletwa uraiani na askari.

Waliompa uzi kazi ya heshima ni makarani wa mahakama za mfalme pale Westminster. Katika zama za kati, aliyetaka kumshtaki mwenzake alilipia hati ya mfalme: ukanda mwembamba wa ngozi iliyolainishwa, umeandikwa mistari michache ya Kilatini, ukimwamuru mkuu wa jimbo amfikishe mshtakiwa mbele ya mahakimu. Mkuu yule akishatekeleza, au akishashindwa, aliandika jibu lake mgongoni mwa hati ileile na kuirudisha. Hapo ndipo karani alipoitoboa na kuitunga juu ya zilizotangulia. Hati za msimu mmoja wa mahakama zilitungwa pamoja, zikakunjamana, zikavutwa kamba, zikawekwa. Mahakama ya Common Pleas ilikuwa na maofisa walioitwa filazer, jina lililotoka moja kwa moja kwenye uzi, na mwingine aliyejulikana kwa Kilatini kama custos brevium, mtunzaji wa hati. Vyeo hivyo viliendelea kuwepo mpaka karne ya 19, wakati ambapo wengi waliovishikilia hawakuwa tena wakigusa uzi wenyewe na walikuwa na wasaidizi wa kuwafanyia kazi.

Uzi haujui mada. Haujui kwamba hati hii inahusu shamba na ile inahusu deni, wala kwamba huyu ni tajiri na yule ni mjane. Unajua jambo moja tu: nini kilifika kabla ya nini. Kwa mtafutaji ilikuwa adhabu, maana kuipata hati ya mtu mmoja kulimaanisha kuzipekua za watu mia. Hata hivyo, taabu hiyohiyo ilikuwa ulinzi. Hati ya katikati haitoki kimyakimya. Mwenye kuitaka itabidi azivue zote zilizo juu yake, au akate uzi, au achane ngozi, na kila njia huacha alama. Mchuuzi wa samaki analijua jambo hili: akishawatunga kwa ukindu, mteja anayemtaka wa katikati anasababisha fungu zima lifunguliwe mbele za watu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaolichukua neno hili kuwa ni neno la unadhifu. Leo mtu akisema anataka "kupanga mafaili yake" anawaza rafu safi, lebo zilizochapwa vizuri, rangi ya bluu kwa fedha na nyekundu kwa mikataba. Karani wa Westminster hakuwa na rafu safi. Alikuwa na rundo baya lenye kukunjamana, lililotobolewa kila mahali. Alichokuwa nacho ni hati ambazo kila moja ilimshikilia mwenzake mahali pake, hata kama yeye karani angekufa kesho na kuja mwingine asiyejua lolote.

Si Waingereza peke yao waliofika hapo. Bara Hindi na Sri Lanka vitabu viliandikwa kwenye majani ya mvumo yaliyokaushwa, yakatobolewa, uzi ukapitishwa, na neno la Kisanskriti sutra, ambalo sasa ni jina la maandiko yenyewe, maana yake ya asili ni uzi. Waarabu walimwona mshairi kama mtu anayepanga lulu kwenye uzi, na mzizi uleule wa kupanga lulu ndio uliotuletea sisi nidhamu, neno ambalo mwanafunzi aliyechapwa fimbo hawezi kulihusisha na lulu hata kidogo. Na sisi wenyewe tunatunga. Tunatunga shanga, tunatunga asumini, tunatunga samaki, tunatunga mashairi, Bunge linatunga sheria. Tena tunatunga uongo. Shahidi akiambiwa mahakamani kwamba maneno yake ni ya kutunga, hakuna anayedhani amesifiwa. Maana hiyo ya mwisho nitaihitaji mbele kidogo.

Uzi ulidumu muda mrefu kuliko tunavyodhani. Katika maduka ya zamani palikuwa na kibao chenye msumari uliosimama wima, au waya uliopindwa kama ndoano ukutani, na kila risiti iliyolipwa ilichomwa pale. Ukitaka hesabu za mwezi uliopita unashuka kwenye msumari. Za jana ziko juu. Hilo ni faili kamili, kwa maana ya karne ya 16, na mwenye duka hakuhitaji kusoma historia ya Uingereza ili alibuni. Kule Ujerumani, Friedrich Soennecken wa Bonn alipata hataza mwaka 1886 kwa mashine ya kutoboa karatasi na jalada la kuzishika, na mwaka 1896 Louis Leitz wa Stuttgart akaongeza kile chuma cha kunyanyua na kufunga ambacho hadi leo kinabana vidole vya makarani katika kila boksi faili. Kipimo cha matundu mawili, milimita 80 kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha jingine, sasa ni kanuni ya kimataifa. Hawa wote bado ni watu wa tundu. Uzi umekuwa chuma, basi.

Aliyeachana na tundu ni Mmarekani. Mpaka miaka ya 1880 ofisi nyingi za Marekani na Ulaya zilikuwa zikikunja barua mara tatu, zikiandika mgongoni jina na tarehe, na kuisukumiza katika vijishimo vya dawati. Kampuni ya Library Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Melvil Dewey, yuleyule wa namba za vitabu maktabani, ilikuwa ikiuza makabati ya kadi za maktaba zilizosimama wima. Kutoka kadi wima hadi barua wima ni hatua moja. Katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago, mwaka 1893, kampuni hiyo ilionyesha kabati la barua zilizosimama ndani ya majalada, na ikatunukiwa medali ya dhahabu. Barua haikunjwi tena, haitobolewi tena. Inatupiwa ndani ya jalada lenye jina la mtu, au la mada, na inaweza kuchomolewa kwa vidole viwili.

Nadhani hapa ndipo neno lilipobadilika maana bila kubadilika herufi. Uzi ulikuwa ukiuliza nini kilikuja kwanza. Jalada linauliza hiki kinahusu nini. Swali la kwanza lina jibu moja, na hata karani mvivu analijua, kwa sababu jibu ni karatasi iliyo juu ya rundo. Swali la pili linahitaji mtu wa kuamua. Barua ya mkulima anayelalamika kwamba shamba lake limechukuliwa inaweza kwenda kwenye jalada la ardhi, au la malalamiko, au la usalama, na pale itakapowekwa ndipo itakaposomwa, na na nani. Uzi haukuwa na mamlaka hayo. Karani mwenye kabati la wima aliyapata siku moja, pamoja na mshahara mdogo usiolingana nayo.

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza haikuchagua kati ya hayo mawili. Ilichukua jalada, likawa na namba ya mada mgongoni, na ndani yake ikaacha uzi. Huo ndio urithi uliotufikia, na kila aliyewahi kukaa masjala, ya wazi au ya siri, anaujua kwa mikono. Barua inaingia asubuhi. Inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaingizwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio kwa wino mwekundu, inatobolewa kwenye pembe, inatungwa. Upande wa pili wa jalada zipo karatasi za madokezo, ambako wakubwa na wadogo huandikiana kwa mkono: rejea folio 14, naomba maelekezo; nimeona, shughulikia; tujadiliane. Ni mazungumzo ya watu ambao pengine wamekaa vyumba viwili jirani na hawajaonana wiki nzima. Barua ya 14 haiwezi kuja baada ya 15. Ikikosekana, namba inayokosekana inapiga kelele kwenye jalada lote, hata kama hakuna anayekumbuka ilisema nini.

Raia anayesubiri upande wa pili wa kaunta haoni lolote kati ya hayo, ila anaishi ndani yake. Mstaafu anayefuatilia mafao anaambiwa barua yake ya kuthibitishwa kazini haimo. Aliifanyia kazi serikali miaka zaidi ya thelathini, aliamkiwa na watoto aliowafundisha, mji mzima unamjua kwa cheo chake. Lakini kwenye kamba kuna pengo, na pengo lina nguvu kuliko mji. Anaombwa alete nakala. Nakala ilikuwa kwenye sanduku lililoloa mvua ya mwaka wa El Niño. Basi ataanza kuwatafuta wakubwa wake wa zamani, walio hai, ili waapishwe.

Kuna sentensi moja ya ofisini ambayo naiheshimu kwa ufundi wake, ingawa imewatia watu wengi machozi: faili halionekani. Haisemi nani amelipoteza. Haisemi hata kwamba limepotea. Faili lenyewe ndilo limekataa kuonekana, kama kwamba lina haya, na karani na mwananchi wamesimama pamoja wakilisubiri libadili nia. Mwenye uzoefu anaelewa kwamba siku nyingine sentensi hiyo ni kweli tupu, siku nyingine ni bei. Mtu anayehitaji kumkwamisha mwenzake hana haja ya kubishana naye kwa hoja wala kughushi sahihi. Anahitaji kulisogeza jalada rafu mbili tu kutoka mahali pake.

Lakini kulificha faili ni kazi ya wadogo. Wakubwa waliopata kuishughulikia kamba kwa umakini kuliko wote katika nchi zetu ni walewale walioileta.

Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitoa mwongozo kwa magavana: serikali mpya zitakazochukua madaraka zisiachiwe nyaraka zitakazoiaibisha Serikali ya Malkia, zitakazowafichua watoa habari wa polisi, au ambazo mawaziri wa nchi huru wangeweza kuzitumia vibaya. Uganda kazi hiyo ilipewa jina la Operation Legacy, na jina likaenea kwa mpango mzima. Kenya mafaili yaligawanywa makundi mawili. Yale ya Legacy yangerithiwa na serikali mpya. Yale ya Watch yalipigwa muhuri wa herufi W, yakashughulikiwa na maofisa wa asili ya Kizungu peke yao, kisha yakasafirishwa Uingereza au yakachomwa. Maelekezo yalikuwa ya kina kwelikweli: karatasi ziwe majivu, na majivu yavunjwevunjwe; pasipowezekana moto, zitiwe kwenye masanduku yenye uzito na kuzamishwa katika maji ya kina yasiyo na mkondo.

Katika maelekezo hayo jambo moja linanishangaza kuliko moto na bahari. Faili la Watch likitolewa katikati ya mfululizo wa mafaili yanayobaki, litengenezwe pacha lake la kujaza nafasi. Mrithi asione pengo. Asijue hata kwamba kulikuwa na kundi la Watch. Hapa ndipo naihitaji ile maana yetu ya mwisho ya kutunga. Karani aliketi, akachukua jalada jipya, akalipa namba ya zamani, akatia ndani karatasi zisizo na madhara, akapitisha kamba. Kwa macho ni faili lililotungwa. Kwa Kiswahili pia ni faili la kutunga.

Wangeweza kuchoma tu na kuondoka. Serikali nyingine zilizoshindwa zimefanya hivyo na kuacha rafu tupu. Hawa walijua, kwa karne kadhaa za kazi hiyo, kwamba namba inayokosekana ni ushahidi, na kwamba uzi uliokatwa husema umekatwa. Ndiyo maana pacha likawa la lazima.

Karatasi zilizopelekwa Uingereza ziliishia Hanslope Park, kituo cha serikali kinacholindwa vikali, katika jimbo la Buckinghamshire. Zilikuwa mafaili yapatayo 8,800, kutoka makoloni 37 ya zamani, kati yake kama 1,500 yakiwa ya Kenya. Serikali ya Kenya huru ilizidai nyaraka zake na ikanyimwa. Kwa miongo mingi mwanahistoria aliyekwenda kusoma habari za vita vya Mau Mau katika hifadhi za Nairobi au London alisoma kile kilichobakizwa asome. Mambo yalifunguka kwa sababu ya wazee. Wakenya waliokuwa wamefungwa na kuteswa kambini katika miaka ya 1950 walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London mwaka 2009, na wanahistoria waliowasaidia, akiwamo David Anderson, walikuwa wameziona katika kumbukumbu nyingine dalili kwamba kuna shehena iliyoondoka Nairobi na haikufika mahali panapojulikana. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikiri kwamba mafaili yapo.

Yalipofunguliwa, yalisema. Ilionekana, kwa mfano, jinsi Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alivyomwandikia Gavana Evelyn Baring mwaka 1957 kuhusu utaratibu wa kuwapiga wafungwa, akimshauri kwamba kama dhambi itatendwa basi itendwe kimya. Barua ya mwanasheria makini, yenye tarehe na mwandikiwa, imetunzwa vizuri kabisa. Mwezi Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje, alitangaza bungeni masikitiko ya serikali yake na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Gawanya mwenyewe. Ni chini ya pauni 4,000 kwa mtu, na humo humo zimo gharama za mawakili.

Mafaili yale sasa yako Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, chini ya alama FCO 141. Yana namba, yana orodha, yamepangwa kwa mujibu wa nchi. Mkenya anayetaka kusoma jinsi babu yake alivyofungwa sharti aombe viza au amlipe mtu wa kumpigia picha. Mpangilio ni mzuri sana. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa tofauti kati ya nyaraka zilizopangwa vizuri na nyaraka zilizo mahali pake.

Kompyuta ilichukua neno na kuuacha uzi. IBM ilipotoa mashine yake ya RAMAC mwaka 1956, yenye sahani 50 za sumaku zilizobeba herufi milioni tano, wahandisi waliliita rundo la taarifa file bila kusita, kwa kuwa ndivyo ofisi zilivyoliita. Mwaka 1981 kompyuta ya Xerox Star ilichora kwenye kioo picha ya jalada na picha ya kabati, ili mtu wa ofisini asiogope. Wachoraji hao walichora kabati la Chicago. Uzi wa Westminster hawakuuchora, na sidhani kama ulipata kuwapitia kichwani.

Faili la kompyuta halina tundu. Unaweza kulifungua, kubadili tarakimu moja, kulifunga, na kulirudishia hata tarehe yake ya jana. Ukifuta la katikati, yaliyobaki hayatikisiki. Ofisi zetu nazo zinahamia huko: Tanzania kuna mfumo wa e-Ofisi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, Nairobi mahakama zilianza kupokea hati kwa mtandao Julai 2020, na mawakili sasa wanafaili kesi usiku wa manane wakiwa kitandani. Mimi ni katika wanaofurahia. Mstaafu wetu asingelilia sanduku lililoloa. Ila kila ninaposikia mtaalamu akisifu mfumo kwa kuwa "unapanga vizuri", natamani kumuuliza karatasi ya katikati inatokaje, na ikitoka, nani anajua.

Walikuwapo watu wawili waliojiuliza swali hilo mapema. Stuart Haber na W. Scott Stornetta, watafiti wa maabara ya Bellcore huko New Jersey, walichapisha mwaka 1991 njia ya kuthibitisha kwamba hati ya kompyuta ilikuwapo tarehe fulani na haijaguswa tangu hapo. Kiini chake ni hiki. Hati inakokotolewa na kutoa namba ndefu, ambayo hubadilika kabisa ukigusa hata nukta moja. Namba hiyo inafungwa pamoja na namba ya hati iliyotangulia kupokelewa, na matokeo yake yanaingia katika inayofuata. Hati ya 14 imo ndani ya ya 15, na ya 15 imo ndani ya ya 16. Hawakujali hati inahusu nini. Mfumo wao hauisomi. Unachokijua ni nini kilifika kabla ya nini. Miaka kadhaa baadaye wabunifu wa sarafu za mtandaoni walilichukua wazo hilohilo na kulitajirikia, na kelele za fedha zikaufunika ubunifu wenyewe.

Palibaki tatizo moja: mwenye kompyuta. Yeye anaweza kuukokotoa upya mnyororo mzima, kuanzia pale anapotaka, na kutoa pacha kamili lisilo na pengo, kama yule karani wa Nairobi. Kwa hiyo tangu mwaka 1995 kampuni iliyotokana na kazi yao, Surety, ilikuwa ikichukua namba moja inayozifunga hati zote za wiki na kuilipia tangazo dogo katika gazeti la New York Times. Gazeti lilikwenda kwa wasomaji na maktabani, likafungia vitafunwa, likasahauliwa chini ya makochi. Atakayetaka kughushi hati moja ya wiki ile atalazimika kwanza kuikusanya kila nakala. Tangazo lenyewe, mistari michache ya herufi na tarakimu zisizosomeka, lilichapwa kwenye safu ya vitu vilivyopotea na kuokotwa.